Madaraja Tumepata, Mitaani Hapapitiki

Hotuba hii niliitoa hapa Mombasa mbele ya wazee wa mitaa, wapimaji ardhi na wanafunzi wa mipango miji. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, na mwishoni nimeongeza jibu la swali lililoulizwa ukumbini.

Assalaam alaykum. Hamjambo wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu na nyinyi vijana mliokaa nyuma.

Watu wa Mombasa tukizungumza habari za usafiri, mazungumzo huelekea kwenye maji. Tutataja feri ya Likoni, daraja la Nyali, Makupa, na siku hizi Dongo Kundu. Tuna haki. Kisiwa chetu hakifiki kilomita za mraba 15, na anayetaka kutoka hana budi avuke. Feri ya Likoni peke yake hubeba watu zaidi ya 300,000 kwa siku. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, wakafa watu 272, na wengi humu ndani mnajua nyumba iliyopoteza mtu siku ile. Kwa hiyo hakuna wa kutulaumu tukiyawaza maji kwanza.

Leo lakini naomba tuyaache maji, tuingie mitaani. Nataka tuzungumzie yanayomkuta mtu akishavuka. Ameshuka matatu Kisauni, au Mishomoroni, au Mikindani, au Shika Adabu. Paa la nyumba anayoiendea analiona pale, na hawezi kulifikia mpaka azunguke. Ninalotaka kulisema ni hili: kadiri Mombasa inavyokua, barabara zinaongezeka na miunganisho kati yake inapungua, na chanzo kikubwa ni namna tunavyogawa mashamba kuwa ploti. Lami hainisumbui sana. Lami huja, hata ikichelewa miaka. Njia ambayo haikuachwa siku ya kugawa shamba, hiyo haiji.

Nianze na hesabu kidogo, kwa sababu bila ya hesabu mtu anaweza kusema ni malalamiko tu.

Chukua ramani ya mtaa wowote. Hesabu vituo, yaani kila mahali njia zinapokutana, na kila mahali njia inapoishia. Kisha hesabu vipande vya njia vilivyo baina ya kituo na kituo. Gawa vipande kwa vituo. Namba utakayoipata inakwambia mengi. Tuseme mtaa una vituo 16, vimepangwa nne kwa nne, kila kimoja kimeungana na majirani zake. Vipande vitakuwa 24, na hesabu inatoa 1.5. Sasa tuchukue vituo vilevile 16, lakini kila njia inachipuka kutoka kwa nyingine na haikutani tena na yoyote. Vipande ni 15 tu, na namba inashuka chini ya moja. Vilivyopungua ni vipande tisa, mtu anaweza kuona ni vichache. Lakini katika mtaa wa kwanza, anayetoka pembe hii kwenda pembe ya mkabala ana njia 20 za kuchagua, zote za urefu mmoja. Katika mtaa wa pili ana njia moja. Lori likikwama, bomba likipasuka, majirani wakisimamisha hema la harusi barabarani, hana pengine pa kupita.

Hesabu hii ina asili yake. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alilitafakari suala la mji wa Königsberg, uliokuwa na kisiwa katikati ya mto na madaraja saba. Watu walikuwa wakiulizana kama mtu anaweza kuyavuka yote saba katika matembezi mamoja, kila daraja mara moja tu. Euler akaonyesha kwamba haiwezekani. La maana zaidi, akaonyesha kwamba urefu wa daraja na upana wa mto havihusiki kabisa katika jibu. Kinachohusika ni nini kimeungana na nini. Elimu yote ya mitandao, hadi hii inayoendesha simu zenu, inatoka hapo. Kwetu sisi watu wa kisiwa somo lake liko karibu sana.

Sasa twendeni Mji wa Kale. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, na mji ulikuwepo kabla yake. Mtu akiutazama kwenye ramani anasema hapa hakuna mpango, njia zimepinda hovyo. Ingieni kwa miguu mwone. Ukitoka Ndia Kuu kuelekea Kibokoni, hatua chache tu kichochoro kinaingia kulia. Hatua nyingine chache, kingine kinaingia kushoto, na hakikabiliani na kile cha kwanza. Unapita baina ya baraza mbili, unakunja pembe ya nyumba iliyochubuliwa na mikokoteni kwa miaka, unatokea kwenye kiwanja kidogo mbele ya msikiti, na hapo una njia tatu mbele yako. Hamali akija na mkokoteni wa magunia, huhitaji kugombana naye. Unarudi hatua kumi, unaingia ubavuni, unatokea mbele yake. Njia karibu zote ni za makutano ya pande tatu, hazina unyoofu wowote, na bado mtu anafika anakokwenda bila ya kuzunguka sana. Mji wa Kale ni kama wavu wa jarife: uzi mmoja ukikatika, samaki hatoki.

Sitaki kuupamba kupita kiasi. Mna vichochoro mle visivyotokeza, vinavyoishia kwenye mlango wa ukoo fulani, na viliwekwa hivyo kwa makusudi ili watu wa nyumba wapate sitara. Lakini vilikuwa vifupi, na vilining'inia kwenye njia zinazotokeza. Kule Lamu hata walikwenda mbali zaidi: walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake watembeleane bila ya kushuka njiani. Watu hao waliijua thamani ya kufikiana.

Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na baadaye bandari kubwa ikawa Kilindini, mji ulivutwa upande wa magharibi. Kabla ya motokaa kuzagaa, vigari vya reli nyembamba vilisukumwa na watu kwa mikono kutoka upande wa mji wa zamani hadi Kilindini. Zikaja barabara pana za wakoloni: Kilindini Road, ambayo leo ni Moi Avenue, na Salim Road, ambayo leo ni Digo Road. Mitaa kama Majengo ikajaa nyumba za Kiswahili kwa safu, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele na mlango wa uani. Wengi walijenga kwenye ardhi ya mtu mwingine, ule utaratibu wetu wa nyumba bila ardhi, ambao umewaumiza watu hadi leo na unastahili hotuba yake peke yake. Lakini kwa habari ya njia, safu zile ziliacha nafasi baina yake. Mtu wa Majengo anaweza kulalamika juu ya mitaro, takataka na msongamano, na ana haki. Kwa kupita, anapita.

Kisiwa kikajaa. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu karibu 247,000 Mombasa nzima. Ya mwaka 2019 ilihesabu 1,208,333. Ni karibu mara tano katika miaka 50, na sehemu kubwa ya hao wako bara: kaskazini, magharibi na kusini. Njia ya kuwavusha ndiyo iliyotushughulisha. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, kisha hili la sasa mwaka 1980. Makupa palijazwa mawe na udongo kuwa barabara, magari yakapita na maji ya mkondo yakazibwa. Ilibidi tungoje hadi mwaka 2022 kupata daraja linaloacha bahari ipite chini yake. Nalitaja la Makupa kwa sababu linaonyesha kwamba njia ya mmoja inaweza kuwa ukuta wa mwingine, na kwamba kurekebisha kunachukua vizazi.

Hapa sasa ndipo penye moyo wa maneno yangu, na naomba mnivumilie nikienda taratibu.

Bara hapakuwa patupu. Palikuwa na mashamba ya minazi, miembe na mikorosho, palikuwa na mkonge Nyali, na palikuwa na njia za miguu zilizopita humo bila ya kumuuliza mtu: kutoka kisimani hadi msikitini, kutoka kijijini hadi pwani kwenye mitumbwi. Mtu alipita kwenye shamba la mwenzake, akaamkia, akaenda zake. Kisha shamba likauzwa.

Tuchukue mfano wa mashamba mawili ya ekari tano tano, yaliyogeuziana migongo. Kila moja lina upana wa mita 100 na urefu wa mita 200, na kila moja uso wake unaangalia barabara yake. Mwenye shamba la kwanza anamwita mpimaji. Mpimaji anafanya alichoagizwa: anapitisha barabara ya mita tisa katikati, anapanga ploti kulia na kushoto, na akifika mwisho wa shamba anaifunga barabara kwa ploti mbili za mwisho, kwa sababu kila mita inayobaki kuwa njia ni mita isiyouzwa. Anasimika bikoni, yaani alama za mipaka, ramani inapigwa muhuri, broka anaanza kazi. Miaka mitatu baadaye mwenye shamba la pili anafanya vilevile. Barabara zake nazo zinaishia kwenye ploti. Wanunuzi wanajenga, wanapandisha ukuta wa mawe, wanaweka vipande vya chupa juu.

Sasa kuna mama upande huu na mama upande ule, ukuta mmoja baina yao. Tuseme barabara inayounganisha barabara zile mbili za mbele iko mita 600 kutoka hapo. Mama wa kwanza akitaka kwenda kumpa pole mwenzake, anatembea mita 200 mpaka barabarani, mita 600 mpaka kwenye njia panda, mita 400 kuvuka kina cha mashamba yote mawili, mita 600 kurudi, na mita 200 kuingia ndani. Jumla ni kilomita mbili kamili, kumfikia mtu ambaye akikohoa usiku anamsikia. Mtoto anayesoma skuli ya upande wa pili ana kilomita mbili asubuhi na mbili jioni. Muuza maji anayesukuma mitungi kwa mkokoteni anazihesabu kilomita hizo kwenye bei. Tuktuk inazihesabu. Gari la zimamoto halina la kuhesabu, linasimama barabarani na mipira yake haifiki.

Ingechukua nini kuliepuka hilo? Njia ya miguu ya mita tatu, ikipita kando ya ploti ya mwisho yenye urefu wa mita 30. Ni mita za mraba 90 katika shamba la mita za mraba 20,000. Haifiki nusu ya asilimia moja ya shamba. Kwa ardhi hiyo ndogo tunawanyima watu wa mtaa mzima kufikiana, nao wataendelea kunyimwa hata wajukuu wa waliouza watakapokuwa wamezeeka.

Zidisheni mfano huo kwa mashamba yote kutoka Kongowea hadi Utange, kutoka Changamwe hadi Jomvu, na upande wote wa Likoni. Kila mwenye shamba, akijiangalia peke yake, amefanya jambo la maana. Hakuna aliyemdhulumu jirani kwa kusudi. Lakini ukiyaweka yote kwenye ramani moja unaona mji ambao kila mtaa unaning'inia kwenye barabara kuu moja na hauna uhusiano na mtaa wa pili. Ndiyo sababu asubuhi magari yote yanaingia barabara ileile ya Malindi. Mtu wa Mishomoroni anayekwenda Bombolulu, mwendo ambao ungekuwa wa ndani kwa ndani, hana budi atoke hadi barabara kuu na kuungana na lori linalotoka Kilifi. Tunaita msongamano wa magari, tunadai barabara ipanuliwe. Ikishapanuliwa inakuwa na ukingo wa katikati, na yule wa kwa miguu aliyezoea kukatiza moja kwa moja sasa anatafuta kivuko mbali, au anaruka ukingo roho mkononi. Barabara kuu ya kwenda Mariakani imefanya hivyo upande wa Changamwe na Mikindani. Naitaka barabara hiyo; mizigo ya bandari lazima ipite. Ninachosema ni kwamba tumeifanyisha kazi mbili, ya kubeba mizigo ya Afrika Mashariki na ya kumpeleka mtoto dukani, kwa sababu njia ndogo hazipo.

Yapo pia mambo makubwa yanayokata mji na hayana budi kuwepo: bandari, uwanja wa ndege, reli ya zamani, reli mpya ya mwaka 2017, viwanda. Sitakaa hapo. Vikubwa vinaonekana, na mtu akivijenga angalau kuna mkutano wa wananchi, kuna wa kumuuliza. Ukuta wa ploti mbili za mwisho haumwiti mtu mkutanoni.

Hatuko peke yetu katika hili. Watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walikusanya ramani za barabara za dunia nzima, na mwaka 2020 wakachapisha walichokiona: tangu mwaka 1975 mitaa mipya imekuwa ikizidi kujengwa kwa njia zisizotokeza, katika sehemu nyingi za dunia. Walikuwa wameshaitazama Marekani kabla ya hapo, katika utafiti wa mwaka 2015, wakakuta kwamba huko mambo yalifika ukomo wa ubaya katika miaka ya 1990 na tangu hapo mitaa mipya imeanza kuungana tena. Jambo lililonigusa katika kazi yao ni kwamba mpangilio wa njia ukishawekwa haubadiliki. Nyumba zinabomolewa, biashara zinahama, lakini mstari wa barabara unabaki. Mwenye shaka na atembee Ndia Kuu leo jioni.

Na Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, ambalo makao yake yako hapa hapa kwetu, Nairobi, linashauri kwamba asilimia 30 ya ardhi ya mtaa iwe ya barabara na njia, na kila kilomita ya mraba iwe na angalau kilomita 18 za njia. Mpimaji akisikia asilimia 30 anashtuka, na mwenye shamba anashtuka zaidi. Mimi leo sijaja kuwaomba asilimia 30. Nimekuja kuwaomba mita tatu.

Najua kuna neno linalowakaa rohoni, na ni la usalama. Mzee mmoja ameninong'oneza kabla sijapanda hapa: tukifungua njia, vijana wa mapanga wataingia upande huu na kutokea upande ule. Siwezi kumwambia mtu wa Kisauni kwamba hofu yake ni ya bure. Ameyaona. Lakini tuangalie vizuri. Mtaa wenye njia moja unamfunga mwizi, na unamfunga anayekimbizwa vilevile. Mtu anayerudi kutoka kazini usiku, akiwakuta wamesimama kwenye lango la pekee la mtaa, hana njia ya pili ya kufikia kwake. Gari la polisi likiitwa linazunguka kilomita zilezile mbili. Mji wa Kale umejaa njia, na kilichoulinda miaka yote ni baraza zenye watu, milango inayoangalia njiani, na kujuana. Njia ya mita tatu baina ya kuta mbili ndefu zisizo na dirisha hata moja ni mahali pa hatari, nakubali kabisa, na sitamshauri mtu aifungue hivyo. Iwe na taa, ukuta wa kando yake usizidi kimo cha mtu kuona ng'ambo, na pembeni pawekwe kibanda cha mama muuza viazi karai ambaye yupo hapo tangu saa kumi za jioni. Huyo mama atawaona wapitaji wote, na wapitaji watamwona yeye.

Sasa niseme la kufanya, na nianze na wapimaji, kwa sababu wengi wenu mmekuja na nawashukuru.

Mnapopewa kazi ya kugawa shamba, mnapewa ramani ya shamba hilo. Naombeni msianze kuchora kabla ya kuiweka ramani ya jirani mezani, na kama jirani hajagawa, kabla ya kuonyesha kwenye mchoro wenu mahali njia yenu itakapomfikia. Barabara ikifika mpakani ikiwa wazi, mpimaji atakayekuja baada yako ana pa kuanzia. Ikifika ikiwa imefungwa, naye atafunga. Na ofisi za kaunti, ambazo kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 ndizo zinazotoa ruhusa ya ugawaji, zina uwezo wa kuikataa ramani isiyoonyesha jirani. Mwanafunzi aliyepo hapa ambaye kesho atakaa kwenye meza hiyo, alikumbuke hili atakapoletewa faili yenye haraka.

Kwenu wazee nina ombi la pili, na lina wakati wake. Barabara ya Dongo Kundu inatoka Miritini, inapita Mwache na Tsunza kwa madaraja marefu, inafika kusini bila ya feri. Mashamba ambayo miaka michache nyuma hayakuwa na mnunuzi sasa yana mabroka mlangoni. Yaliyotokea Kisauni baada ya daraja la Nyali yataanza kutokea huko, na yatakwenda kasi zaidi, kwa sababu sasa kuna pesa nyingi na simu. Kuna ugumu wa ziada: barabara hiyo inapita kaunti mbili, Mombasa na Kwale, kwa hiyo ramani ziko kwenye ofisi mbili. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna ofisi inayolijua vizuri kama nyinyi. Njia za miguu za sasa. Nyinyi mnajua inayotoka kijijini hadi kwenye mitumbwi, inayotumiwa na watoto wa skuli, inayopitishwa jeneza kwenda makaburini. Vijana hawa wana simu zinazoweza kurekodi njia mtu akitembea. Tembeeni nao. Njia ziwekwe kwenye ramani, ramani ipelekwe kwa chifu na kwenye ofisi za ardhi za kaunti zote mbili, kabla ya shamba la kwanza kugawanywa. Bikoni zikishasimikwa, maji yakimwagika hayazoleki.

Baada ya kusema hayo niliulizwa maswali mengi. Moja liliulizwa na mwenye shamba mwenyewe, na alikuwa na haki ya kuuliza: "Mwalimu, hizo mita tatu nani atanilipa?"

Nilimjibu hivi. Unapoomba kugawa shamba lako, ardhi ya njia unaiacha kama sharti la kupewa ruhusa, na hulipwi. Unafidiwa na bei ya ploti zako, kwa sababu ploti isiyo na njia haina mnunuzi. Lakini tukingoja mpaka ploti ya mwisho iwe na mwenyewe, ana hatimiliki na nyumba, basi Kifungu cha 40 cha Katiba kinamlinda, na hachukuliwi hata futi moja bila ya fidia ya haki na ya haraka. Hapo inaingia Tume ya Taifa ya Ardhi, wathamini, mawakili, na kaunti ambayo haina fedha hizo. Ardhi ni ileile, lakini sasa serikali lazima iinunue kwa bei ya nyumba.

Akaendelea: na sisi tulioshajenga Mishomoroni, na ukuta umesimama? Nikamwambia huko mnabaki na makubaliano ya majirani. Wenye ploti mbili zilizogeuziana migongo wanaweza kufungua mlango wa miguu kwenye ukuta, ukafunguliwa alfajiri na kufungwa baada ya isha, ufunguo ukae kwa mtu anayeaminika na pande zote mbili. Wanaofaidika wachange kumlipa mwenye ardhi inayopitwa, kwa sababu anatoa kitu. Kisha, na hapa nilimsisitiza, haki hiyo ya kupita isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, iandikwe dhidi ya hatimiliki yenyewe. Wengi wanamalizia kwa kushikana mikono na kusoma fatiha, na baina yao inatosha. Lakini mmoja akifariki, watoto wakiuza, anayenunua anaangalia kilichoandikwa kwenye rejista, na kama hakuna kitu, ana ruhusa ya kuuziba mlango siku anayohamia.